Urefu wa Mkarafuu Bila ya Kuupanda

Killa msimu unapokaribia, ofisini kwetu huja masuala ya namna mbili, ambayo kwa dhahiri hayana uhusiano, kumbe jawabu lake ni moja. Mwanachama wa kwanza huuliza: "Bwana Katibu, ngazi yangu niifunge ya urefu gani?" Wa pili huuliza: "Ule mkarafuu uliokufa karibu na nyumba, ukiangushwa utafika wapi?" Wote wawili wataka kujua kimo cha mti ambao hawawezi kuushikiza kamba tangu chini mpaka kileleni. Na aghalabu jawabu hutolewa kwa jicho. Mtu husimama chini, akakunja uso, akasema, "Huu haukosi futi arubaini," na mwenziwe akasema, "Thalathini hazifiki," na kazi ikaanzwa juu ya maneno hayo.

Mikarafuu yetu mikubwa hufika mita 12 au 15, na matawi yake, kama ajuavyo killa mchumaji, ni mepesi kukatika. Kumpandisha mtu na kamba ili apime mti, tena mti uliokwisha kukauka, ni kumtia katika khatari kwa ajili ya jambo ambalo mtu aliyesimama chini na fimbo mkononi aweza kulijua. Vijana wetu waliofika skuli za sekondari walisomeshwa hesabu hii kwa jina la pembetatu zinazofanana, na wengi wao waliiacha pale pale ubaoni. Twataka kuitoa ubaoni na kuileta shambani.

Chukua fimbo iliyonyooka, uisimamishe wima juani, na pembeni mwa mti unaotaka kuupima. Fimbo ina kivuli, na mti una kivuli. Jua liko mbali nasi mno, hata miale yake huifikia fimbo na mti kwa mlalo mmoja. Basi fimbo, kivuli chake, na mwale unaopita juu ya ncha yake mpaka ardhini, hufanya pembetatu ndogo. Na mti, kivuli chake, na mwale unaopita juu ya kilele chake, hufanya pembetatu kubwa. Pembe zake ni sawa sawa, ila moja ni ndogo na moja ni kubwa. Zikiwa pembe ni sawa, uwiano wa pande zake nao ni sawa: ikiwa kivuli cha fimbo ni nusu ya fimbo, basi kivuli cha mti nacho ni nusu ya mti, ikiwa kivuli cha fimbo kimeizidi fimbo kwa robo yake, kivuli cha mti nacho kimeuzidi mti kwa robo yake. Haidhuru ukipima kwa dhiraa, au futi, au mita, au kwa kijiti ulichokiokota njiani. Sharti ni moja tu, usianze na kipimo hiki ukamalizia na kile.

Mwezi wa Juni uliopita hesabu hii ilitufaa katika jambo lililokuwa limeanza kuharibu ujirani. Bwana mmoja, mwanachama wetu, alikuwa na mkarafuu uliokufa mpakani. Ulikuwa umekufa ule ufaji tuujuao, majani yakakauka yote kwa muda mfupi, na mti ukabaki umesimama kama mfupa. Nyumba ya jirani yake, naye pia ni mwanachama, ilikuwa upande wa pili, na ndani yake alikuwamo mama yake mzee. Mwenye mti alisema mti hauifikii nyumba hata ukianguka upande huo. Jirani alisema utaivunja mapaa, na akakataa kabisa usiguswe. Huku wakibishana, mti ukaendelea kukauka, na yule mama mzee alikwisha acha kulala chumba cha upande ule khasa upepo wa kusi ulipovuma usiku. Wale mabwana walifika hadi ya kutoamkiana. Ndipo walipoijia ofisi yetu.

Tulikwenda asubuhi, kiasi cha saa tatu na nusu. Kibali cha kukata kilikuwa kimekwisha kuombwa na kutolewa, na twawakumbusha wanachama kuwa mkarafuu, hata mfu, haukatwi bila ya kibali. Tulichukua fimbo ya dhiraa 4, yaani pima moja, tukaisimamisha kwa kuilinganisha na uzi uliofungwa jiwe ili isilale upande. Kivuli chake kilikuwa dhiraa 5. Papo hapo, bila ya kukawia, tukapima kivuli cha mti, tangu katikati ya shina mpaka ncha ya kivuli cha kilele: dhiraa 35. Ikiwa dhiraa 5 za kivuli ni dhiraa 4 za fimbo, basi dhiraa 35 za kivuli ni dhiraa 28 za mti. Kisha tukavuta kamba kutoka shina mpaka ukuta wa nyumba. Ilikuwa dhiraa 26. Mti ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyokuwapo kwa dhiraa mbili, nazo zatosha kuvunja paa na kuumiza aliye chini yake.

Yafaa tueleze kwa nini tulisema "bila ya kukawia." Kivuli hakingoji. Ukipima cha fimbo sasa, ukaenda kunywa chai, ukarudi kupima cha mti, umepima majua mawili mbali mbali na hesabu yako haina maana. Jambo jingine ni kwamba shina lina unene wake, na kilele kiko juu ya katikati ya shina, si juu ya gome. Kwa hiyo kipimo huanzia katikati. La tatu ni saa ya kupimia. Jua likiwa juu sana, ncha ya kivuli uionayo chini huwa ni ya tawi lililochomoza pembeni, si ya kilele. Ngoja mpaka kivuli cha fimbo kiwe kirefu kuliko fimbo yenyewe. Hapo mara nyingi kilele hujitokeza peke yake.

Ama mlima na mteremko, jambo ambalo mwenye shamba visiwani humu halikwepi, wengi hudhani ardhi ikiinama hesabu hii imekufa. Si hivyo. Ikiwa mteremko ni mmoja, haukuvunjika, simamisha fimbo yako wima juu ya mteremko ule ule na upime vivuli vyote viwili kwa kufuata ardhi. Pembetatu zote mbili zitakuwa zimeinama kwa kadiri moja, nazo zitabaki zikifanana. Hesabu huharibika pale tu kivuli cha mti kinapovuka tuta, au mtaro, au kupanda ukuta.

Turudi kwenye mti wetu. Mzee mmoja aliyekuwapo, mtu wa elimu na mwenye kuheshimiwa, alituambia, "Wanangu, mwajisumbua. Ngojeni Alasiri, kivuli cha killa kitu kitakuwa mithili yake, mpime kivuli tu." Maneno haya yana asili, na sote tuliyasoma chuoni. Lakini mzee wetu alisahau kile kivuli cha adhuhuri, ambacho wanavyuoni hawakukisahau: wakati wa Alasiri huingia kivuli kinapokuwa mithili ya kitu, ukiondoa kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati ya mbingu. Kwetu sisi jua hupita utosini marra mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, adhuhuri mti hauna kivuli, na Alasiri inapoingia kivuli chake huwa sawa na kimo chake kweli kweli, na neno la mzee ni hesabu iliyokamilika. Lakini mwezi wa Juni jua liko kaskazini, na kivuli cha adhuhuri hapa kwetu ni zaidi kidogo ya nusu ya kitu chenyewe. Mwezi wa Disemba jua liko kusini, na kivuli hicho ni kama thuluthi. Lau siku ile ya Juni tungalingoja Alasiri na kupima kivuli tu, mkarafuu wa dhiraa 28 ungalihesabiwa dhiraa 43, na jirani wa tatu naye angalitoka mbio na watoto wake. Tulimweleza mzee kwa adabu, akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana fimbo," akakaa kitako akatazama kazi.

Jirani mwenye nyumba hakutosheka na kivuli. Tukamwambia apime mwenyewe kwa jicho na fimbo, na njia hii twaisifu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu haitaki jua, na yaweza kufanywa katikati ya shamba ambamo vivuli vya miti vimelaliana. Nyoosha mkono mbele yako sawa na jicho. Tafuta kijiti ambacho urefu wake, juu ya ngumi yako, ni sawa na umbali wa kutoka jicho lako mpaka ngumi. Kishike wima. Sasa rudi nyuma, huku umefumba jicho moja, mpaka chini ya kijiti paangukie chini ya shina na ncha ya kijiti iangukie kileleni. Simama hapo. Kutoka unaposimama mpaka shinani ndicho kimo cha mti. Pembetatu ndogo iko baina ya jicho na kijiti; kubwa iko baina ya jicho na mti; na kwa kuwa katika ile ndogo kijiti ni sawa na mkono, katika kubwa mti ni sawa na umbali. Bwana yule alirudi nyuma hatua kwa hatua, akasimama, tukavuta kamba: dhiraa 29. Yetu ilikuwa 28. Tofauti ya dhiraa moja katika mti mzima si kitu, maana mkono hutikisika na kijiti hakikatwi na sonara. Mtu mwenye busara huchukua kile kikubwa, kisha akaongeza.

Kwa anayekata mti, njia hii ina faida nyingine: ardhi yenyewe humwonyesha mahali pa khatari. Pale uliposimama ndipo kilele kitakapogusa mti ukianguka upande wako, ikiwa ardhi ni sawa. Watoto, mbuzi, majamvi ya karafuu, na watazamaji, wote wawe nyuma ya hapo, tena kwa mbali.

Na kamba ya kuvutia. Hapa ndipo watu wengi hupotea, tena watu wazima wenye uzoefu. Walileta kamba ya dhiraa 28, wakasema mti ni 28 na kamba ni 28, yatosha. Haitoshi hata kidogo. Mwenye kuvuta lazima asimame mbali kuliko kimo cha mti, ama sivyo anauvutia mti kichwani mwake. Tulitaka wavutaji wawe dhiraa 32 kutoka shinani, na kamba ifungwe mahali palipo kama dhiraa 20 juu, ambapo ilirushwa kwa jiwe na kukazwa kutoka chini, wala hakupanda mtu. Kamba basi ndiyo upande mrefu wa pembetatu: 20 kwa 20 ni 400, 32 kwa 32 ni 1024, jumla 1424, na kipeo chake ni karibu 38. Ongeza ya kufungia na ya kushikia, utaona ya dhiraa 45 si kubwa. Iliungwa kamba ya pili.

Upande wa njia palikuwa na uwazi wa dhiraa 34, na huko ndiko mti ulikoelekezwa. Shina lilikatwa kwanza upande wa njia, kisha nyuma, na kamba ikavutwa. Hata hivyo, kwa kuwa hesabu ilisema nyumba imo ndani ya duara la mti, mama mzee alitolewa tangu asubuhi pamoja na kuku wake na mtungi wake, na hakuna aliyebisha. Mti ulilala njiani. Tuliupima ukiwa chini, pamoja na kisiki, ukawa dhiraa 28 na shibiri moja. Kuni waligawana wale mabwana wawili, na twasikia kuwa siku hizi wanaamkiana.

Hesabu hii si ngeni kwa watu wa bahari hii. Manahodha wa zamani wa Kiarabu walipokwenda safari za Bahari ya Hindi walichukua kibao kidogo cha mti kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo, wakikiita kamali. Nahodha huuma fundo kwa meno, huunyoosha uzi, na kukiweka kibao baina ya upeo wa bahari na nyota. Fundo lililomfaa ndilo lililomwambia nyota imepanda vidole vingapi, na kwa hivyo chombo kiko upande gani wa kaskazini au kusini. Ile nyota ya kaskazini waliyoipenda haionekani kwetu, tuko kusini mno; huku walizitumia nyingine. Lakini kibao na uzi ni kile kile kijiti na mkono wetu. Na Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, pamoja na nyakati za sala zinazojulikana kwavyo. Na huko Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, aliupima mlima kwa kuutazama kutoka mahali pawili bila ya kuupanda, kisha akautumia mlima huo kukisia ukubwa wa dunia nzima. Sisi tumetosheka na mkarafuu.

Baadhi ya wanachama wana vitalu vya miche karibu na mito na hori, na huuliza mpira wa maji waununue wa urefu gani ikiwa maji yako ng'ambo. Mpira mfupi kwa hatua mbili ni fedha iliyotupwa. Fanya hivi. Chagua kitu kilichosimama ukingoni mwa ng'ambo, mkoko au jiwe. Simama upande wako mkabala nacho, piga kigingi. Geuka pembe mraba, ufuate ukingo hatua 20, piga kigingi cha pili. Endelea mbele kwa mstari ule ule hatua 10, piga cha tatu. Hapo uyape maji mgongo, uende nchi kavu moja kwa moja, pembe mraba tena, ukitazama nyuma, mpaka uone kigingi cha pili na ule mkoko vimekaa katika mstari mmoja. Hesabu hatua ulizokwenda kutoka kigingi cha tatu. Ikiwa ni 14, upana wa mto ni hatua 28, kwa sababu 20 ni maradufu ya 10, na upana basi ni maradufu ya ulichotembea. Hatua zote ziwe za mtu mmoja, asipokezane na mwanawe.

Pembe mraba huipati kwa kukisia. Funga kamba mafundo yaliyoachana dhiraa moja moja, jumla yake dhiraa 12, uunganishe ncha zake, uivute kwa vigingi vitatu upande mmoja uwe 3, wa pili 4, wa tatu 5. Pembe iliyo baina ya 3 na 4 ni mraba. Waashi wetu waijua, waulizeni.

Iko na njia ya kidole gumba, ambayo ni ya makisio tu. Nyoosha mkono, inua gumba, ufumbe jicho moja kisha jingine; gumba litaonekana kuruka upande. Umbali wa jicho mpaka gumba ni kama marra 10 ya nafasi iliyo baina ya macho mawili. Basi ukitazama shamba la kilima cha pili, na gumba likaruka nafasi nne za safu za mikarafuu, nawe wajua safu zimeachana mita 8, gumba limeruka mita 32, na shamba liko mbali nawe kiasi cha mita 320. Kwa kununua kamba haifai. Kwa kujua kama sauti yako itamfikia mchumaji aliye huko, yatosha.

Ama suala la ngazi, ambalo ndilo lililotufungulia mlango: ukishajua kimo cha mti, usifunge ngazi ya kufika kileleni, bali ya kufika palipo na tawi imara la kuegemea. Mguu wa ngazi uwe mbali na shina kwa robo ya kimo inakoegemea. Ikiegemea mita 4 juu, mguu uwe mita 1 kutoka shinani. Ikiegemea mita 8, mguu uwe mita 2. Ni pembetatu ile ile, moja ndogo na moja kubwa. Wachumaji wengi huweka mguu mahali pamoja kwa ngazi zote, fupi na ndefu, na ile ndefu ndiyo hupinduka nyuma.

Twajua kwamba vijana wana simu za mkononi zinazodai kupima kimo cha miti. Hatuzikatai, ila chini ya mikarafuu iliyosongamana tumeziona zikitoa majibu matatu kwa mti mmoja, na fimbo haiishiwi moto.

Fimbo ya pima, uzi wenye jiwe, na kamba ya mafundo 12 zipo ofisini, na mwanachama aweza kuazima kwa siku mbili kwa kutia saini daftarini. Mwenye mti mfu ulio karibu na nyumba, njia, au uwanja wa kuanikia, na atuarifu kabla ya uchumaji kuanza, tuje tuupime pamoja naye na jirani yake akiwapo.